Pikapu mpya au iliyotumika? Mpaka ukifungwa, rejesho halisubiri

Vitunguu vya Mang'ola, wilayani Karatu, vina wanunuzi wengi Nairobi, na mfanyabiashara anayevipeleka kupitia Namanga huanza karibu kila mara kwa gari la kukodi. Miaka miwili mitatu baadaye, akishawajua wateja wake na kuizoea njia, hufika siku anapochoka kugawana faida na mwenye gari. Anataka pikapu yake mwenyewe.

Hapo hukutana na watu wawili wenye maneno matamu. Wa kwanza yuko kwenye duka la magari mapya, fomu za benki ziko mezani: lipa kianzio, chukua gari, kiwanda kinakupa waranti, mengine utalipa kidogo kidogo. Wa pili yuko yadi: gari lilikuwa la mtu mmoja tu, limetunzwa, lete pesa taslimu uondoke nalo jioni hii. Wote wawili humweleza injini, rangi na bei. Ni nadra mmoja wao kumuuliza anavuka mpaka mara ngapi kwa mwezi, na siku mpaka ukifungwa atakula nini.

Swali hilo ndilo lilipaswa kutangulia. Kwa mfanyabiashara mdogo wa mpakani, hasa anayebeba mazao, pikapu iliyotumika na iliyonunuliwa kwa pesa yake bado ni salama zaidi kuliko mpya ya mkopo. Sababu kubwa ni kwamba biashara ya mpakani husimamishwa na maamuzi ambayo yeye hashirikishwi kuyatoa, ilhali deni la benki halisimami.

Mkopo hauna likizo

Wafanyabiashara wa ukanda huu hawahitaji kukumbushwa kwa mbali. Februari 2019 mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulifungwa kwa sababu za kisiasa. Ulifunguliwa tena Januari 31, 2022, karibu miaka mitatu baadaye. Mwaka 2020 ulikuja ugonjwa wa korona, na foleni za malori zikasimama kwa siku kadhaa Malaba na Namanga madereva wakisubiri majibu ya vipimo. Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu; zuio liliondolewa baada ya siku chache na kuwekewa masharti mapya, lakini waliokuwa tayari barabarani walishaumia. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda.

Katika kila tukio hilo, mwenye gari lisilo na deni alipata hasara ya siku alizokaa bila kazi. Aliweza kulipeleka gari kubeba mchanga au samani mjini, au kuliegesha nyumbani akangoja. Mwenye gari la mkopo alikuwa na hasara hiyohiyo, na juu yake tarehe ya rejesho. Gari lenyewe ndilo huwa dhamana, na mara nyingine nyumba au kiwanja huongezwa. Akikosa kulipa miezi michache, gari hurudi kwa aliyemkopesha, na kianzio na marejesho ya nyuma huwa yamekwenda.

Hesabu ya mfano inaonyesha ukubwa wa jambo hili. Kila mtu aweke tarakimu za njia yake na sarafu yake; hizi ni za kuonyesha njia ya kukokotoa tu. Tuseme mfanyabiashara hulipa shilingi 350,000 za Tanzania kukodi gari kwa safari moja. Akiwa na gari lake, mafuta, dereva na gharama za njiani zinamla 200,000. Kwa hiyo gari lake linamwokolea 150,000 kila safari.

Akikopa milioni 60 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, kwa miaka minne, rejesho la kila mwezi linakaribia shilingi 1,762,000. Kufikia mwisho atakuwa amelipa zaidi ya milioni 84. Ili rejesho hilo litoke kwenye ile 150,000 anayookoa, lazima avuke mpaka mara 12 kwa mwezi, yaani karibu mara tatu kila wiki, bila kukosa, kwa miezi 48. Hapo bado hajalipa bima kubwa ambayo mkopeshaji huidai, wala hajapeleka gari kwenye matengenezo ya ratiba.

Sasa achukue ya yadi kwa milioni 30 taslimu. Inaharibika zaidi, hivyo tutoe 30,000 kila safari kwa ajili ya fundi; abaki na 120,000. Gari litarudisha bei yake baada ya safari 250. Akivuka mara mbili kwa wiki, ni miezi 29 hivi. Akivuka mara moja tu, ni karibu miaka mitano. Muda huo ni mrefu, lakini hakuna mtu atakayemgongea mlango mwezi wa Februari wakati vitunguu vimeadimika na hana safari.

Hesabu hiyohiyo inatoa somo la tatu ambalo wauzaji wote wawili hawapendi kulitaja. Anayevuka mara moja kwa wiki au pungufu afikirie kuendelea kukodi, au kugawana gari na mwenzake wa soko moja anayebeba siku tofauti. Pesa iliyofungwa kwenye bodi ya gari haiwezi kununua mzigo, na wengi wameishia kuwa na pikapu nzuri uani huku mtaji wa kuijaza umekwisha.

Ya yadi nayo ina mitego

Kusema iliyotumika ni salama zaidi hakumaanishi kila iliyotumika inafaa. Mitego ni mingi, na wa kwanza uko kwenye asili ya gari.

Wengi huamini kila Hilux ya yadi imetoka Japani. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na ikarudisha mauzo hayo mwaka 2017. Kwa hiyo Hilux ya mwaka 2010 au 2014 yenye usukani wa kulia huwa imetoka kwingine: Thailand, Uingereza, Australia, Afrika Kusini, au imetumika hapahapa kwetu. Muuzaji anayesema gari la miaka hiyo liliuzwa na kutembea Japani tu aombwe karatasi za kuthibitisha.

Asili hiyo ina maana kwa mfuko wa mnunuzi. Uingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chesisi kwa chini. Gari hupigwa rangi juu likang'aa, kumbe chini limeoza. Magari ya dizeli ya miaka ya karibuni kutoka Ulaya pia yana kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kichujio hicho hujisafisha gari likitembea kwa kasi safari ndefu. Likizoea safari fupi na foleni za mjini huziba, na likitiwa mafuta machafu huziba upesi zaidi. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilianza Januari 2015 kutumia kiwango cha dizeli chenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, lakini mafuta ya madumu yanayouzwa kando ya barabara hayana wa kuyathibitisha.

Mtego wa pili ni kilomita. Kipima kilomita hurudishwa nyuma kwa muda mfupi, na kilomita 80,000 zinazosomeka kwenye dashibodi zinaweza kuwa 280,000 za kweli. Mnunuzi aangalie pedali ya klachi, usukani na kiti cha dereva. Vikichakaa kuliko kilomita zinavyodai, kuna jambo. Kwa gari lililopitia mnada wa Japani, aombe karatasi ya mnada, ambayo hutaja kilomita na alama ya hali ya gari; herufi R hapo kwa kawaida huonyesha gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Fundi anayemlipa yeye mwenyewe, asiye rafiki wa dalali, alilaze chini ya gari, awashe injini ikiwa ya baridi, kisha walipande wote mlima.

Mtego wa tatu ndio unaowaumiza zaidi watu wa mpakani: jina kwenye kadi. Mjini mtu anaweza kuendesha gari miaka miwili huku kadi, au logibuku kama wanavyoiita Kenya, ikiwa bado na jina la aliyemuuzia. Mpakani haiendi hivyo. Gari la nje huingia kwa kibali cha muda, na ofisa wa forodha hutaka kujua mwenye gari ni nani. Dereva asiye na jina kwenye kadi huombwa barua ya mwenye gari. Aliyemuuzia akiwa hapatikani kwa simu, nyanya zinaoza kwenye kreti. Salio la mwisho lisilipwe kabla ya kadi kubadilishwa jina na madeni ya kodi na faini za barabarani kuhakikiwa.

Umri, usukani na mizani

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina soko la pamoja, lakini gari halijapata uraia wa pamoja. Kenya hairuhusu kusajili gari lililoingizwa ikiwa zaidi ya miaka minane imepita tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Uganda tangu mwaka 2018 inazuia kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu kutengenezwa, na yaliyozeeka chini ya hapo hulipiwa tozo ya mazingira. Tanzania haikuweka kikomo cha namna hiyo, lakini gari likizidi umri fulani hutozwa ushuru wa ziada.

Maana yake kwa mnunuzi ni hii: pikapu ya miaka 12 inayosajiliwa Arusha bila shida inaweza kuvuka kwenda Nairobi na kurudi kwa kibali, lakini haiwezi kuuzwa Nairobi ikapata namba za Kenya. Anayepanga kuja kuiuza aihesabu bei ya soko la upande mmoja tu. Upande wa magharibi kuna suala la usukani. Rwanda ilipiga marufuku kuingiza magari ya usukani wa kulia mwaka 2005, ingawa baadaye ililegeza kwa malori. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia mwa barabara. Mfanyabiashara wa Uvira, Bukavu au Rusumo afanye uchunguzi wa sheria ya upande atakaosajili kabla ya kuvutiwa na bei ya Dar es Salaam.

Kisha kuna mizani. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inayagusa magari yenye uzito wa jumla kuanzia kilo 3,500. Pikapu ya kawaida yenye mzigo wake halali wa tani moja hivi iko chini ya hapo. Mzigo wa tani moja ya mazao pia mara nyingi hauzidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, kiwango ambacho mfanyabiashara wa ndani ya Jumuiya anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa palepale mpakani. Kwa lugha nyingine, pikapu ndilo gari linalolingana na biashara ndogo ya mpakani kwa uzito na kwa karatasi.

Faida hiyo hupotea pale mtu anapoongeza springi, akajaza tani mbili za lumbesa. Gari huingia kwenye eneo la mizani na mzigo hukaribia kiwango cha kuhitaji wakala wa forodha, huku breki na giaboksi vikibeba uzito visivyoundiwa. Pikapu mpya ikijazwa hivyo huzeeka ndani ya mwaka mmoja, na madai ya waranti hukataliwa. Ya zamani ikijazwa hivyo huua watu mteremkoni. Bima ya mtu wa tatu inayotambuliwa nchi jirani, ile Kadi ya Njano ya COMESA inayotumika pia Tanzania, humlipa aliyegongwa. Haimrudishii mwenye mzigo chochote.

Jambo la mwisho la kupimwa kabla ya kununua ni fundi wa njiani. Gari la mpakani huharibika mbali na nyumbani. Hilux, Isuzu na Nissan za kawaida vipuri vyake hupatikana Kariakoo, barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi na soko la Kisekka mjini Kampala, na mafundi wa miji midogo wanazijua. Gari la aina ngeni linaweza kuwa zuri na la bei nafuu, jipya kabisa, lakini likifa Kajiado au Kyotera likasubiri kipuri siku tano, mzigo wa nyanya hautasubiri nalo. Kabla ya kuchagua aina, mfanyabiashara apite gereji tatu za njia yake aulize ni gari gani wanalolifungua kila wiki na kipuri kinachukua siku ngapi kufika.

Mpya inapostahili

Wapo ambao pikapu mpya ni uamuzi sahihi kwao. Anayepeleka mayai, maziwa au samaki kila siku kwa mnunuzi aliyesaini naye mkataba hawezi kuvumilia gari la kuharibika, na safari zake zinatosha kulipa rejesho. Chama cha akiba na mikopo chenye wanachama kumi wa soko moja kinaweza kununua gari moja jipya na kulizungusha kwa zamu, hivyo safari 12 kwa mwezi zikawa jambo jepesi. Na mwenye pesa taslimu za kutosha, akabaki na mtaji wa mzigo, hana sababu ya kubeba taabu za mtu mwingine.

Wanaopinga magari yaliyotumika wana hoja pia. Magari chakavu hutoa moshi, huharibika barabarani na mengine husababisha ajali. Viwanda vya kuunganisha magari vipo hapahapa: Isuzu huunganishwa Nairobi, na Mombasa na Thika kuna viwanda vya kazi hiyo. Vinatoa ajira kwa vijana wetu. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya, walipokutana Arusha, waliagiza hatua za kukuza uunganishaji wa magari na kupunguza uingizaji wa yaliyotumika kutoka nje.

Nia hiyo ni njema, ila mpangilio wa hatua ndio utakaoamua nani aumie. Yaliyotumika yakizuiwa leo huku riba ikibaki ilipo, mama wa Busia anayeuza dagaa hatahamia kwenye pikapu mpya. Atarudi kukodi, au atabebesha bodaboda mzigo wa kilo 150. Zuio likija, litanguliwe na mikopo ambayo marejesho yake yanafuata msimu wa mazao, na yenye kifungu cha kusimamisha rejesho serikali inapofunga mpaka. Ikiwa serikali ndiyo iliyofunga njia, si haki mfanyabiashara peke yake abebe gharama ya uamuzi huo.

Serikali pia zinaweza kuanza na mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Zikubaliane kikomo kimoja cha umri wa magari ya mizigo. Ziunganishe rejista zao, ili ofisa wa Mutukula aone kwenye kompyuta mwenye gari ni nani bila kudai barua. Zimalize ubishi wa miaka mingi kuhusu asili ya magari yanayounganishwa ndani ya Jumuiya, ili pikapu iliyounganishwa Nairobi isihesabiwe ngeni ikifika Kampala au Mwanza. Hapo bei ya mpya itaanza kusogea kuelekea uwezo wa wanunuzi, na yenye miaka 15 itaacha kuwavutia bila kulazimishwa.

Mpaka hayo yatimie, mfanyabiashara wa vitunguu aliyesimama kati ya duka la magari mapya na yadi achukue daftari kabla ya kuchukua ufunguo. Aandike safari alizofanya kweli miezi 12 iliyopita, ikiwemo miezi ya ukame na wiki ambazo mpaka ulisumbua. Aandike alicholipa kukodi. Atoe gharama za gari lake mwenyewe, aone kinachobaki kwa mwezi mbaya kuliko yote, maana mwezi huo ndio utakaolipa rejesho au kushindwa. Kikitosha hata mwezi huo, aende kwa wenye magari mapya bila hofu. Kisipotosha, amtafute fundi wake, waende yadi pamoja, na kadi isome jina lake kabla hajakabidhi shilingi ya mwisho.